“Nitacheki” Ndiyo Inaua Safari Zetu

Kuna neno moja ningependa lipigwe marufuku kwa kila kundi la WhatsApp la kupanga safari, kutoka Uthiru hadi tao: “nitacheki”. Unauliza mbogi nani anakuja, watu saba wanajibu kwa moto. Unauliza nani anatuma pesa, watano wanajibu “nitacheki”. Manze, huyo mtu hacheki kitu. Anajua pesa iliyo kwa simu yake hadi shilingi ya mwisho. Anachotaka kusema ni “sina”, na hilo neno Nairobi limekuwa gumu kutamka.

Mbogi yetu ilianza kwa kupanga Namibia: Etosha kwa wanyama, halafu tushuke hadi Sossusvlei kwa ule mchanga mwekundu mnaouona TikTok. Tulitaka Julai ama Agosti, kwa sababu huo ni msimu mkavu kule. Maji yamepungua porini, basi wanyama wanajileta wenyewe kwa vidimbwi vilivyobaki. Pale Okaukuejo, ndani ya Etosha, kidimbwi kina taa usiku. Unakaa tu kwa benchi unangoja kifaru aje kunywa maji. (Beba sweta. Baridi ya jangwani mwezi wa saba itakufanya uipende Limuru.)

Makaratasi yenyewe si mlima vile watu husema. Afrika Kusini iliwaondolea Wakenya viza tarehe 1 Januari 2023, siku 90 kwa mwaka, na Johannesburg ni mahali pazuri pa kubadilishia ndege. Namibia nayo haituitishi viza ya kutembea. Unahitaji pasipoti ambayo haijakaribia kuisha, na ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hivyo usiende kudungwa ukiwa njiani kwenda JKIA. Wanaendesha kushoto kama sisi. Dola yao ni sawa na randi, moja kwa moja, na randi inakubalika madukani. Sheria za mipaka hubadilika, basi soma upya kabla ya kulipia ndege. Hapo ndipo pa kucheki.

Shida ni gari. Namibia ina ukubwa wa kilomita mraba 825,000 hivi, Kenya 580,000 hivi. Lakini watu wao wote ni kama milioni 3, wakati Nairobi pekee sensa ya 2019 ilihesabu milioni 4.4. Fikiria nchi kubwa kuliko Kenya yenye watu wachache kuliko Nairobi. Hakuna makanga atakuitia “Sossusvlei wawili, Sossusvlei wawili” kama hapo Archives. Kutoka Windhoek hadi lango la Sesriem ni kama kilomita 350, na sehemu kubwa ni changarawe. Etosha iko upande mwingine kabisa, kaskazini, kilomita 400 na zaidi. Kwa hivyo watu wa mfuko kama wetu hukodisha pikapu ya 4x4 yenye mahema juu ya paa, wanapika wenyewe, wanalala kambini. Mahema mawili, watu wanne.

Sasa piga hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, gari, mafuta na kambi vimefika 240,000. Mkiwa wanne, kila mtu 60,000. Mmoja akiingia mitini wiki ya mwisho, waliobaki wanatoa 80,000. Wawili wakiingia mitini, ni 120,000. Gari halipungui bei kwa sababu wewe umekosa. Naivasha mtu akikosa mnacheka, mnapanda matatu, maisha yanaendelea. Huku, “nitacheki” yako imemtoza rafiki yako elfu ishirini, na pengine huyo ndiye alikuwa anajinyima lanchi tangu Februari.

Najua mbona watu hawasemi. Mbogi za Nairobi zimechanganyika. Mlikutana kampasi, ama kwa kazi ya kwanza Westlands, na jioni mnatoka mlango mmoja. Mmoja anashuka Kangemi, mwingine anaendelea hadi Uthiru, mwingine anakujiwa na dereva wa babake anaenda Lavington. Mchana mko sawa, chapo na maharagwe ni zilezile. Safari ndiyo kitu cha kwanza kinachouliza kila mtu pesa zake mbele ya wengine. Kwa wa Lavington, elfu sitini ni kuongea na mzee Jumapili. Kwa wa Kangemi, ni kodi ya miezi kadhaa pamoja na karo ya mdogo wake. Na wote wawili wameweka dole gumba kwa ujumbe uleule.

Kinachofuata ni kimya, ama deni. Nimeona mtu akikopa kwa programu tatu za simu ili asikose wikendi ya Diani mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa bado analipa Aprili, na picha zenyewe alishafuta.

Kwa hivyo mimi nasema hivi: anayeanzisha kundi aweke namba siku ya kwanza, kabla ya video hata moja. Si “itakuwa poa, haitakuwa ghali”. Namba yote, na ndege ndani, na chakula, na akiba ya pancha. Halafu kila mtu amwandikie mtu mmoja, kando, kiasi anachoweza bila kukopa. Kama wengi hawafiki, inabadilishwa safari, watu wabaki. Mbogi nyingi hufanya kinyume, zinashikilia Namibia na kupoteza marafiki watatu, eti wataona picha.

Na wewe uliyeomoka, tafadhali usitoe ile “usijali, nitakulipia” mbele ya watu wote. Anayelipiwa hachagui muziki wa gari. Hachagui hata saa ya kuamka. Siku ya tatu jangwani ataanza kucheka utani wako usiochekesha, na nyote mtajua kwa nini.

Namba zetu zilipokuja, watatu kati ya saba hawakufika hata nusu. Namibia tumeisukuma mwaka ujao, tunaweka mos mos. Mwaka huu fomu ni Chalbi, Septemba. Mtu mmoja aliniambia tumeshuka kiwango. Kushuka wapi? Lami sasa inatoka Isiolo hadi Moyale. Ukipita Isiolo tu uko Samburu, kwa punda milia wa Grevy wenye mistari myembamba, na swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani. Kuna choroa pia. Namibia wameweka wawili, wa aina ya kwao, kwa nembo ya taifa. Wetu tunawapita tukielekea Moyale bila kushusha dirisha. Halafu Marsabit, kilomita 500 na kitu kutoka Nairobi, halafu chumvi nyeupe ya Chalbi, mahali palipokuwa ziwa zamani sana, na ngamia wa Wagabra wakielekea maji ya Kalacha.

Basi linafika Marsabit, kwa hivyo 4x4 tunalipia kutoka hapo tu, na dereva wa huko anayejua njia. Bado si bei ya Naivasha. Mvua ikinyesha Chalbi inakuwa tope la kumeza gari, maji ya kunywa mnabeba wenyewe, na habari ya usalama unauliza wenyeji wiki hiyohiyo, si TikTok. Na sikuimbii ule wimbo wa “tembea Kenya kwanza”. Bado nataka kusimama Deadvlei kati ya ile miti iliyokufa karne nyingi zilizopita na haijaanguka.

Bei ya Chalbi niliiandika kwa kundi Jumatatu, mstari kwa mstari, hadi pesa ya maji. Watano wametuma. Wawili wameandika “sina, mwaka huu siwezi”, na mmoja wao ametuazima hema lake.