Hita ya abti na ile bolti

Kimya kirefu, najua. Niko nyumbani Habaswein wiki hii na leo siandiki habari za Linux wala PHP. Naandika kuhusu maji moto.

Ndiyo, maji moto Habaswein. Chekeni kwanza. Jina lenyewe kwa Kisomali ni vumbi kubwa, na saa nane mchana maji yanayoshuka kutoka tangi la paani karibu yaive chai. Lakini abti wangu ana lojing ndogo kando ya barabara ya Garissa kwenda Wajir, na wageni wa Nairobi wanaoondoka alfajiri hawaogi bila maji moto. Basi akanunua hita ya umeme ya tangi, lita 50, koili ya kilowati 1.5. Fundi akaja, akafunga, akalipwa, akaenda.

Nilipoingia bafuni nikaona kwamba tundu la vali ya usalama, pale bomba la maji baridi linapoingia, limezibwa kwa bolti.

"Abti, hii ni nini?"

"Ilikuwa inadondosha, abti. Fundi akaiziba. Maji hapa ni mali."

Jamani! Nilizima swichi kabla sijajibu.

Sisi waandika programu tuna ugonjwa unaofanana na huo. Programu inatoa ujumbe wa kosa, unaudhi, basi mtu anaandika mistari miwili ya kuumeza ule ujumbe. Skrini inakuwa safi. Kosa limebaki ndani. Tofauti ni kwamba programu yangu ikianguka hakuna anayeungua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Maji yakipanda kutoka nyuzi 27 hadi 60, lita 50 zinaongezeka zaidi ya nusu lita. Vali ile haiyaruhusu kurudi kwenye bomba, basi inayatoa nje tone kwa tone. Kudondosha wakati hita inachemsha ndiyo kazi yake. Ukiiziba, tangi ndilo linalobeba msukumo wote. Na siku themostati ikikwama pamoja na kikatio chake cha joto, maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa. Tangi likipasuka, sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji. Ukuta wa bafu la lojing hauzuii kitu hicho. Upande wa pili kuna kitanda cha mgeni.

Sasa, wapo watakaosema abti angenunua zile hita za papo kwa papo zinazofungwa kwenye shawa. Mimi napinga. Kwanza zinavuta kilowati 5 hivi kwa mpigo, na mji huu kwa miaka mingi umetegemea kituo chake chenyewe cha jenereta za dizeli, kilichoongezewa jua na upepo. Hita 20 za tangi zikiwaka pamoja ni kilowati 30. Hizo nyingine 20 ni 100. Pili, nyingi koili yake iko uchi ndani ya maji, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Ndiyo maana madukani Kenya utakuta zinazouzwa maalumu kwa maji ya chumvi. Waya wa ardhi usipokuwepo, hata hiyo maalumu siiamini.

Chumvi inaisumbua hita ya tangi pia. Maji yetu hutoka ardhini, kwenye hifadhi ya Merti, ileile inayonywesha kambi za Dadaab, na ukali wa chumvi hutofautiana kisima kwa kisima. Umeona birika la mama lilivyojaa ukoko mweupe? Ndiyo hali ya koili. Ukoko unaizuia kutoa joto, inajichoma yenyewe. Ndani kuna pia ufito wa magnesiamu unaoliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Ukiisha, zamu ni ya tangi. Kwa maji kama haya mimi ningefungua kila baada ya miezi sita, sio nisubiri mwaka: zima umeme kwenye swichi kuu, mwaga, kwangua, badilisha ufito.

Hita ya jua? Ningeipenda zaidi, na kanuni za Kenya za mwaka 2012 ziliyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yaifunge. Pesa ya abti haikufika.

Jamaa zetu walioko Oman, kwa njia, wakati wa joto huizima hita iliyo ndani na kuogea maji yake kama ndiyo ya baridi, maana ya paani yanaunguza. Nimejaribu hapa mchana. Inafanya kazi!

Bolti nimeitoa. Vali nimeiachia mpira mfupi unaoelekea chini, juu ya mdomo wa jerikeni bila kuuziba. Asubuhi jerikeni ilikuwa na maji kidogo, na abti akayachukua akatawadhia.