Simu yangu ilijifunga, ndio nikaelewa hii hesabu

Wasee, kuna story inapigwa debe sana siku hizi, ati kampuni zikiuzia watu wa mtaa vitu kwa malipo ya pole pole, umaskini utapungua. Si uongo wote. Lakini pigeni hesabu na mimi.

Nilipoacha kampasi (karo, hiyo ni story ya siku ingine) nilichukua simu ya mkopo hapa Kayole. Depo 2,500, halafu 55 kila siku, mwaka mzima. 55 si ni chai na chapo tu? Sasa 55 mara 365 ni 20,075. Ongeza depo, 22,575. Simu hiyo hiyo Luthuli kwa keshi ilikuwa 13,500. Nililipa zaidi ya 9,000 juu, kisa siku hiyo sikuwa na doo. Na wiki moja kazi ikakauka, simu ikajifunga. Hiyo simu ndiyo ofisi yangu! Nitatoa wapi 55 na kitu cha kunitafutia 55 kimefungwa?

Mathe alicheka. "Wewe nawe, mafuta ya kupima tunanunua hivyo tangu uzaliwe." Ni ukweli. Kadogo ni rahisi leo, ghali mwisho wa mwezi. Mama wa duka simlaumu, yeye anakopesha hata akijua utampitia mbali, na faida yake inaliwa hapa hapa mtaani.

Kuna profesa anaitwa C.K. Prahalad, 2004 alitoa kitabu akiambia makampuni kuwa kwa watu wa chini kuna utajiri. Utajiri wa nani sasa, hapo ndipo mimi hushikwa na swali.

Angalia M-Pesa, ilianza 2007. Watafiti Tavneet Suri na William Jack waliandika 2016 kwa jarida la Science kwamba ilitoa familia kama 194,000 kwa umaskini, karibu asilimia 2 ya familia za Kenya, na wanawake kama 185,000 wakahama kutoka kilimo hadi biashara. Makato yanauma, tusijifanye. Lakini ilikupatia njia: ukikwama, mtu wa ushago anakutumia, na ukiwa na kitu kidogo unakiweka. Ama Mukuru, vile vyoo vya Fresh Life tangu 2011: wakazi wenyewe walivinunua wakaviendesha kama biashara, na uchafu unageuzwa mbolea. Mtu wa mtaa hapo ni mteja na pia anauza.

Sipingi mkopo. Bila huo singekuwa na simu, na hii post singeandika. Ninachotaka ni kitu kimoja: lile bango la steji limeandikwa 55 kubwa kama mlango wa mat. 22,575 iandikwe hapo kando, saizi hiyo hiyo.

Yako ilifika ngapi jumla? Niambie, na usisahau kuhesabu depo.