Nyumba Njema si Mlango



Wiki hii tumeletewa barua na mama mmoja wa Lamu ambaye mumewe amepata uhamisho wa kazi kuja Mombasa. Wana watoto watatu, na mavyaa yake, ambaye sasa hutembea kwa bakora, ataandamana nao. Wameonyeshwa nyumba mbili za kupanga. Ya kwanza iko ng'ambo ya daraja la Nyali, ghorofa ya tatu, katika jengo jipya lenye lango, mlinzi na mahali pa kuegesha gari. Ya pili iko Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi ambao mumewe ameupenda tangu siku alipouona. Mama huyu anasema wao wamezoea mji ambao mtu hutoka kwake akafika kila anakotaka kwa miguu, nao wasingependa kuikosa hali hiyo wala kuishi mahali pasipo na athari ya wazee. Anauliza: wachague ipi?

Swali hili si lake peke yake. Kila mwaka familia kutoka Lamu, Pate, Malindi na Vanga hufungasha mizigo kwa ajili ya kazi, masomo au matibabu, na wengi huchagua nyumba kwa siku moja, kisha hukaa na uchaguzi huo kwa miaka. Tutamjibu yeye, na wengine watachukua kinachowafaa.

Tuanze na kile anachohofia kukikosa. Watu husifu uzuri wa Lamu, na mwaka 2001 mji huo uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Lakini waliojenga Lamu hawakuwa wakiwajengea watazamaji. Vichochoro vyake vilipimwa kwa mtu na punda, na kwa kuwa ni vyembamba, ukuta wa upande mmoja huutilia kivuli upande wa pili, hata mtu akaweza kutoka mchana bila kuunguzwa na jua. Vyumba havikuweza kupita urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ndiyo maana vikawa virefu na vyembamba. Daka lililo mbele ya mlango lilimpa mgeni pa kuketi kabla ya kukaribishwa ndani, na wenye nyumba wakabaki na sitara yao. Wikio lilipita juu ya njia likaunganisha nyumba mbili za jamaa, wanawake wakatembeleana bila kushuka chini. Kila tunachokiita leo urembo wa kale kilikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ilikuwa ni kuwaweka watu karibu bila kuvunjiana heshima.

Mji wa Kale wa Mombasa una asili hiyo hiyo. Watalii hukimbilia Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, lakini mji wenyewe umo katika njia zinazotoka hapo: Ndia Kuu, ambayo bado inabeba jina lake la Kimvita ingawa wakati wa ukoloni iliitwa kwa jina la Vasco da Gama, Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570, na vijia vinavyoteremka hadi Bandari ya Kale. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, na bandari ya Kilindini ilipokua baadaye, shughuli kubwa zilihamia upande wa pili wa kisiwa. Barabara pana zikakatwa huko kwa ajili ya magari, na mitaa ya zamani ikabaki na kipimo chake cha miguu.

Kwa hiyo, anayetafuta mtaa wa kale wa kutembea kwa miguu anatafuta vitu viwili vinavyotokana na shina moja. Hatari ni kukiona kimoja akadhani amepata vyote viwili. Mlango wa nakshi huonekana kwa jicho la siku moja. Ukaribu haujulikani ila kwa miguu, na swali la kwanza ni hili: miguu ya nani?

Mara nyingi nyumba huchaguliwa na baba, naye ndiye atakayekuwa nje ya mtaa kutwa nzima. Mtaa upimwe kwa mwendo wa yule mzito kuliko wote nyumbani. Katika familia hii ni bibi mwenye bakora. Katika nyingine atakuwa mtoto wa miaka sita, au mama mjamzito. Mpeni huyo nafasi ya kuutembea mtaa, nanyi mfuateni nyuma. Hesabuni mambo saba: msikiti, genge la mboga na samaki, duka la rejareja, shule, madrasa, zahanati au duka la dawa, na nyumba ya mtu mmoja mnayejuana naye. Kama matano kati ya hayo anaweza kuyafikia na kurudi bila kupanda chombo, mtaa huo unatembeka. Kama anafikia mawili, hautembeki, hata ukiwa na ngome ya Wareno mlangoni.

Kwa kipimo hiki Kibokoni inaanza vizuri. Misikiti iko karibu karibu, genge halipo mbali, na Marikiti pamoja na Barabara ya Biashara kunakouzwa leso ni mwendo ambao mtu mzima mwenye afya hahitaji tuktuk. Mitaa mingi mipya ya ng'ambo ina vyumba vikubwa zaidi, upepo, na uwanja wa watoto ndani ya ukuta, na hizo ni neema zisizodharauliwa. Lakini soko la Kongowea, shule na hospitali huko kwa kawaida hufikiwa kwa chombo. Gharama hiyo haiandikwi katika mkataba wa nyumba. Tuseme safari moja ya tuktuk ni shilingi 100, na nyumba nzima hufanya safari 4 kwa siku: kwa siku 26 za mwezi hizo ni shilingi 10,400. Ziongezeni juu ya kodi kabla hamjasema nyumba fulani ni rahisi na fulani ni ghali.

Jambo la pili ni wakati wa kwenda kuutazama mtaa. Dalali huwapeleka watu asubuhi ya saa nne, mtaa ukiwa umetulia. Nendeni wenyewe mara nne: alfajiri, muone kama njia ina watu na taa; adhuhuri, watoto wanaporudi shule, muone wanapishana vipi na bodaboda; baada ya alasiri, muone ni nani aliyeketi barazani; na baada ya isha, muone ni nani aliyebaki nje. Wazee wakiketi barazani na kumuuliza mgeni anamtafuta nani, mtaa huo una macho, na mtoto wenu atakuwa salama ndani yake. Zikiwa baraza zimeachiwa vijana waliozama katika dawa za kulevya, nalo mlijue kabla, kwa maana hata Mji wa Kale haukusalimika na balaa hilo. Mkiweza, nendeni pia siku ya mvua za masika, mwone maji yanapita wapi.

La tatu ni nyumba yenyewe. Nyumba ya mawe ya kale si ya kuiamini kwa rangi. Tazameni boriti za dari kama zimeliwa na mchwa, gusani kuta chini kama zina unyevu, ulizeni maji hupatikana siku ngapi kwa wiki na siku nyingine hununuliwa kwa nani, kwa kuwa mtungi wa lita 20 unaopandishwa ghorofani ni kazi ya mtu. Kisha pandeni ngazi. Ngazi za nyumba nyingi za kale zina mwinamo mkali, ni nyembamba na zina giza. Kijana hupanda akifurahi. Mzee mwenye bakora atapanda siku ya kuhamia, na huenda asishuke tena ila kwa kubebwa.

La nne ni haki ya nyumba. Katika Mji wa Kale nyumba nyingi ni wakfu, na wakfu hauuzwi. Nyingine ni mirathi yenye warithi wengi, na anayepokea kodi huenda si yeye peke yake mwenye kauli. Katika Majengo na mitaa jirani kuna nyumba zisizo na ardhi: mwenye nyumba ni mmoja, mwenye kiwanja ni mwingine, naye hulipwa ijara ya ardhi. Haya si makosa. Ni desturi za Mombasa tangu zamani. Lakini mpangaji asiyeuliza huweza kujikuta katikati ya ugomvi usiomhusu, virago nje. Ulizeni ni nani mwenye haki ya kupangisha, na mkataba uandikwe. Na kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, msitoboe ukuta wala kubadilisha dirisha kwa makubaliano ya mdomo tu. Matengenezo yana idhini zake.

La tano, nalo wengi hulisahau, ni jirani. Waarabu husema al-jaar qabla d-daar, jirani kabla ya nyumba. Kabla ya kulipa amana, nendeni mkaswali katika msikiti wa mtaa. Mama naye abishe hodi mlango wa pili, aseme wazi: tunataka kuhamia hapa, tuambieni ya kweli. Jirani atawaambia habari za maji, za wezi, za mwenye nyumba na za mwalimu wa madrasa kwa nusu saa, kuliko dalali kwa mwezi mzima. Mtakapohamia, mpelekeeni sahani ya kwanza mtakayopika. Mtaa wa kale una kumbukumbu ndefu. Anayeingia kwa adabu hukumbukwa, na anayeingia kwa kiburi hukumbukwa pia.

Sasa tumjibu dada yetu. Nyumba zote mbili alizoonyeshwa zina kasoro moja, nayo haitokani na upya wala ukale. Zote ziko juu. Mavyaa yake akikaa ghorofa ya tatu Nyali au juu ya ngazi kali Kibokoni, atakuwa mfungwa, na tofauti itakuwa ni kile anachokiona dirishani. Huyu ni mama aliyezoea Lamu, aliyekuwa akitoka kwake akafika msibani, harusini na kwa shoga zake kwa hatua zake mwenyewe. Kumnyima hatua hizo katika umri huu ni kumzeesha kabla ya wakati. Watoto nao watapoteza bibi anayetoka nao, wabaki na bibi anayewasubiri.

Ushauri wetu ni wazikatae zote mbili kwa sasa, na watafute nyumba ya chini katika mtaa ule ule wa Kibokoni, au Kuze, au wakikosa, nyumba ya Kiswahili ya Bondeni au Majengo, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Huenda mlango wake ukawa wa mbao za kawaida. Vyumba vitakuwa vidogo, na kelele za njia zitaingia ndani. Lakini bibi atatoka. Ikiwa muda umewabana na hakuna budi ila kuchagua moja kati ya hizo mbili, na jengo la Nyali halina lifti, basi Kibokoni. Pale, mzee asiyeweza kushuka hupandiwa; majirani watamjia, kwa kuwa hapana lango la kuwazuia wala nauli ya kuwachelewesha. Lakini iwe kwa miezi michache tu, huku nyumba ya chini ikitafutwa.

Tuongeze neno moja kwa wasomaji wenye uwezo na wanaofikiria kuuhama Mji wa Kale. Mtaa wa kutembea haudumu kwa kuta. Nyumba zikigeuzwa maghala na nyumba za wageni, genge hukosa wateja, madrasa hukosa wanafunzi, baraza hukosa wazee, na kutembea kwenyewe hukosa pa kufikia. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inaweza kulinda jengo na mlango wake. Haina uwezo wa kumlazimisha mtu kuketi barazani. Kazi hiyo ni ya familia zinazokaa, na familia kama ya dada yetu zinazokuja.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tunamwambia dada yetu afungue, aingie, kisha atoke tena nje na mavyaa yake mkononi, waone watafika wapi kabla bibi hajachoka. Na mlango wa nakshi ambao mumewe ameupenda hautapotea. Ataupita kila siku akienda msikitini, autazame atakavyo, wala hataulipia kodi.

Wabillahi tawfiq.