Ruzuku ya nishati safi: humfikia nani kwanza?

Tarehe 8 Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kabla ya uzinduzi huo, taasisi zinazoandaa chakula kwa watu zaidi ya 100 kwa siku zilikwisha kuagizwa kuachana na kuni na mkaa. Agizo hilo liliingia moja kwa moja katika majiko yetu: seminari, shule za bweni, hospitali za jimbo, nyumba za malezi ya watawa. Sababu zilizotolewa ni nzito. Takwimu za Serikali zinataja upotevu wa misitu wa takribani hekta 469,000 kila mwaka, na vifo vipatavyo 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa jikoni. Mwenye kupinga lengo lenyewe atakuwa hajawahi kuketi mbele ya mafiga ya kuni mbichi.

Linalobaki ni fedha: zinatoka wapi, na zinamfikia nani kwanza.

Kwa upande wa kaya, Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, umekuwa ukisambaza mitungi ya gesi yenye majiko yake kwa ruzuku inayofikia nusu ya bei. Ni hatua njema. Lakini tumtazame mama lishe anayepika wali na maharage penye kituo cha mabasi. Mkaa anaununua kwa kopo au kwa ndoo, kulingana na alichouza jana. Gesi kwa kawaida haiuzwi hivyo. Mtungi ukiisha hana budi kuwa na bei ya ujazo mzima siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ruzuku imempunguzia bei ya kifaa, jambo linalotokea mara moja, ikamwachia mzigo unaojirudia kila baada ya wiki chache. Wengi huuweka mtungi pembeni na kurudi kwenye mkaa. Mara nyingi hao husemwa kwamba hawana elimu ya nishati safi. Kwa maoni yangu wanajua hesabu vizuri kuliko wanaowasema.

Biashara kubwa kidogo, kama vile mashine ya kusaga inayohama kutoka dizeli kwenda umemejua, au kampuni inayojenga gridi ndogo kisiwani, hukutana na kikwazo cha namna nyingine. Ruzuku nyingi za siku hizi, hasa zinazoungwa mkono na wafadhili wa nje, hulipwa kwa matokeo: mwekezaji hujenga kwanza, huunganisha wateja, mkaguzi huja kuhakiki, ndipo fedha hutolewa kwa hesabu ya kila mteja aliyepata umeme. Utaratibu huu huzuia ubadhirifu, na tumekwisha kuona miradi ya kutosha iliyokula fedha pasipo kuwasha taa hata moja. Hata hivyo, humtaka mwombaji awe na mtaji kabla ya kusaidiwa. Asiye nao huenda benki, ambako riba kwa wastani imekuwa karibu na asilimia 15 kwa mwaka na dhamana ni nyumba au kiwanja chenye hati. Mwaka 2023 Benki ya CRDB iliuza hatifungani ya kijani ili kupata fedha za kukopesha miradi rafiki kwa mazingira. Ni dalili kwamba fedha zipo nchini. Mlango wake ndio mwembamba kwa mtu wa kijijini.

Tena kuna suala la uthabiti wa kanuni. Mwaka 2020 wenye gridi ndogo vijijini waliagizwa kuuza umeme kwa shilingi 100 kwa uniti, sawa na bei ya TANESCO kwa wateja wa vijijini, ilhali wao walikuwa wakitoza bei iliyozidi hapo mara nyingi kwa kuwa gharama zao zilikuwa za juu. Mwananchi wa kisiwani ana haki ya kutolipa zaidi ya mkazi wa mjini. Hilo ni suala la usawa. Lakini pengo kati ya bei na gharama lazima lizibwe na mtu, na agizo lisilosema ni nani atakayeliziba humfukuza mwekezaji, na mwishowe humrudisha mwananchi yule yule kwenye kibatari.

Kanisa letu lina mfano wake katika uwanja huu. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, Jimbo Kuu la Songea, wanamiliki mtambo wa Tulila katika Mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5, ulioanza kuzalisha umeme mwaka 2015 na kuuuza kwa TANESCO. Wakati ule mji wa Songea ulitegemea jenereta za dizeli. Mradi wa namna hiyo uliwezekana kwa sababu nchi ilikuwa imeweka mikataba sanifu ya kuuziana umeme kwa wazalishaji wadogo wasiozidi megawati 10, hivyo mzalishaji alijua mapema atamuuzia nani na kwa masharti gani. Lakini tusijidanganye. Shirika la kitawa lina ardhi, jina na marafiki ng'ambo. Mjane mwenye mashine ya kusaga hana hata kimoja.

Katika waraka wa Laudato si', kipengele cha 172, Papa Fransisko alilitaja jambo hili waziwazi: nchi maskini zitaweza kunufaika na wingi wa jua lake ikiwa tu zitawekewa taratibu na ruzuku za kuzipatia teknolojia, msaada wa kitaalamu na fedha, na nchi zilizotajirika kwa kuchafua sayari zinawiwa kusaidia. Mafundisho Jamii ya Kanisa yanaongeza kanuni ya auni: mamlaka ya juu isichukue kazi ambayo kundi dogo linaweza kuifanya, bali iliwezeshe kuifanya.

Kundi dogo hilo tunalo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Jumuiya Ndogondogo zetu na VIKOBA vya akina mama vina orodha za wanachama halisi, wanaojuana kwa majina na kwa tabia. Kikundi cha mama lishe kumi kingeweza kuomba mkopo wa kujaza mitungi kwa zamu, au wa majiko ya umeme ya pamoja, na Kamati ya Haki na Amani ya parokia ikafuatilia ombi hilo hadi ofisi ya maendeleo ya jamii.

Kuhusu shule na seminari, wahasibu wetu wanapaswa kuileta hesabu hiyo mbele ya Baraza la Fedha kabla muhula mpya haujaanza: bei ya kuni kwa mwaka, bei ya mfumo wa gesi au wa bayogesi, na ada itakayoongezwa kwa mzazi endapo hakuna ruzuku itakayopatikana.