Acheni Kuvua Kilindini

Mika 7:19 inatufundisha kwamba dhambi zilizosamehewa huenda kilindini. Sisi watu wa Kigoma kilindi tunakijua. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi. Duniani ni ziwa Baikal tu linalolizidi. Huko chini maji hayana hewa, samaki hawaishi, wala mvuvi wa Kibirizi au Katonga hapelekei wavu. Lakini kuna waumini wanaovua huko kila siku, na wavu wao ni simu.

Katika ushirika wetu alikuwepo dada aliyewahi kuuza mwili. Alitubu, akabatizwa, akaanza biashara ya dagaa. Lakini picha yake na namba yake ya simu zilibaki mtandaoni, kwenye ukurasa aliojitangazia zamani. Alipohangaika kuufuta, mzee mmoja alimwambia, "Unaficha nini, binti yangu? Uache uwe ushuhuda." Kabla hajafanikiwa, mtu aliunasa ukurasa ule na kuutuma kwenye kundi la kwaya, eti tumwombee. Jumapili iliyofuata dada hakuja. Hajarudi mpaka leo.

Namjibu mzee wangu kwa heshima. Kule Efeso waliofanya uganga waliviteketeza vitabu vyao, vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha (Matendo 19:19). Hakuna aliyewaambia wanaficha ushahidi. Kitendo kile ndicho kilichokuwa toba. Ukurasa ule ni kibao cha duka lililofungwa. Kikiachwa, wateja wataendelea kubisha hodi usiku. Tunamwambia aikimbie dhambi, kisha tunamkataza kufunga mlango!

Wapo watakaosema Waebrania 11:31 bado inamtaja Rahabu kwa kazi yake ya zamani. Ni kweli, inamtaja ili kuisifu imani yake. Lakini katika ukoo wa Bwana, Mathayo 1:5, ameandikwa Rahabu tu, mama yake Boazi. Anayesambaza picha kwenye simu anamsifu nani?

Sisemi watu wadanganye. Anayechumbiwa amweleze mchumba wake ukweli. Lakini ungamo lina mahali pake, na ushuhuda hutolewa na mwenyewe, kwa hiari yake na wakati wake. Kundi la WhatsApp si kiti cha toba.

Basi kanisa lifanye kazi yake. Anayeacha maisha yale apate mama mmoja msiri wa kukaa naye, na kijana anayejua simu. Wafute picha, namba na jina, ndipo wafunge akaunti. Asitupe laini ya zamani kwanza, maana mara nyingi bila laini ile nenosiri likisahaulika halirudi. Mwenye tovuti akikataa, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Mchungaji amsaidie kuandika barua hiyo, kama anavyowaandikia wengine barua za utambulisho.

Na wewe uliyeihifadhi picha ya dada yule, ukisema ni kwa ajili ya maombi: Mungu anamjua bila picha. Ifute leo, kabla ya kuja mezani pa Bwana. Alichokitupa Yeye kilindini, nani amekutuma ukakivue?