Franga ya Mkate Inunue Mkate



Mimi ni kapita, kazi yangu ni kupanga mistari asubui. Mwezi wa kumi, jua kali, mdogo mmoja wa kalasi ya 7 alianguka mstarini. Kumbe hakukula: franga ya mkate alinunulia juisi ya unga, ile nyekundu ya mufuko. Sikumukaripia. Mfukoni mwangu mulikuwa mufuko kama ule.

Tuhesabu. Franga 500 kila siku ya masomo, wiki 4 ni franga 10.000. Na tumenunua nini? Mayi, rangi na sukari.

Wengine watasema: "Kapita, bila sukari hakuna utamu." Si kweli. Huku kwetu mabibi wanapika munkoyo bila kutia sukari: mizizi njo inageuza uji wa mahindi kuwa mtamu. Lakini munkoyo ukilala siku nyingi unalevya, hauwezi kuletwa shuleni. Chai ya matunda haina taabu ile, mradi uinywe siku ile ile.

Fanya hivi. Osha sana nanasi lililoiva, maana vumbi ya Kolwezi tunaijua. Chemsha maganda yake katika litri 1 ya mayi, dakika 15, pamoja na mchaichai. Epua, tia kijiko 1 cha majani ya chai, ngoja dakika 5, chuja. Ponda kipande cha nanasi ao embe, changanya. Tia katika chupa safi, funga. Frigo hakuna, ao umeme umekatika? Zungusha kitambaa kilicholowa, weka kivulini penye upepo. Mayi ikikauka inaondoka na joto. Njo fizike tunayofundishwa.

Nanasi nalo lina bei, ni kweli. Lakini moja linatosha nyumba nzima.

Tena tusidanganyane na asali. Shauri la OMS la mwaka 2015 linaihesabu pamoja na sukari ya duka, na juisi ya matunda vilevile. Kwa hiyo tunda kidogo, mayi mingi.

Na ninyi wavulana, musiseme ni kazi ya dada. Kuchemsha mayi hakuombi diploma.

Asubui kula kwanza. Chai ije nyuma.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa 4 wa humaniti