Kabla hujanunua programu ya tahajia kwa mtoto mwenye disleksia

Wazazi wanaowafundisha watoto wao nyumbani hawaniulizi tena kama mtoto ana disleksia. Hilo huwa wameshalijua kabla hawajafika kliniki, ama kwa kupimwa au kwa kumtazama mtoto miaka miwili mitatu akihangaika na maneno ambayo mdogo wake anayaandika bila shida. Wanachouliza ni hiki: "Daktari, ninunue programu ipi?" Kwenye simu huwa na orodha ya majina matatu au manne, karibu yote ya Marekani na Uingereza, bei zikiwa kwa dola.

Jibu langu huwakera wengine, kwa sababu siwatajii jina. Nawauliza kwanza mtoto anaota ndoto kwa lugha gani.

Tuelewane kuhusu tatizo lenyewe. Disleksia si uvivu, wala si upungufu wa akili. Ubongo wa mtoto unapata shida kuzitenganisha sauti zilizomo ndani ya neno na kuziunganisha na herufi zake. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la British Medical Journal habari za kijana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu, hodari wa hesabu, lakini hakuweza kusoma. Mwalimu wake alisema angekuwa wa kwanza shuleni kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Zaidi ya miaka mia imepita na bado mtoto wa aina hiyo anaitwa mzembe.

Dawa haipo. Kuna watu wanauza vitamini za "kufungua akili", miwani ya vioo vya rangi na mazoezi ya macho. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi kuwa miwani ya rangi na mazoezi hayo yanatibu disleksia. Macho na masikio yapimwe, ndiyo, hasa kwa mtoto aliyewahi kutokwa usaha sikioni mara kwa mara, kwa kuwa asiyesikia vizuri naye hukosea tahajia. Ukishajua yuko sawa, fedha iliyobaki ipeleke kwenye mafundisho.

Programu nyingi zinazotajwa kwa watoto hawa, zikiwamo Barton na All About Spelling, zimejengwa juu ya kazi iliyoanzishwa na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham huko Marekani katika miaka ya 1930. Msingi wake haujabadilika sana. Mtoto anafundishwa sauti na herufi yake waziwazi bila kuachiwa akisie, kwa mpangilio kutoka jepesi kwenda gumu, huku akisikia, akitamka, akiona na kuandika kwa wakati mmoja. Harukishwi hatua kabla ya ile ya kwanza kukaa. Ushahidi wa kitafiti unaunga mkono mafundisho ya wazi na yenye mpangilio ya sauti na herufi. Hautoi ushindi kwa kampuni fulani, hata kama tangazo lake linasema hivyo.

Sasa rudi kwenye swali langu la lugha. Programu hizo zimetengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo herufi "c" mara inasomwa kama "k", mara kama "s", na baadhi ya herufi zimeandikwa lakini hazisomwi. Kiswahili hakina fujo hiyo: irabu ni tano na kila moja ina sauti yake, popote utakapoikuta. Kama mtoto wako anaongea Kiswahili nyumbani, unapomwanzisha na tahajia ya Kiingereza unamtwika mizigo miwili: kujifunza kuchambua sauti, na kuzichambua katika lugha asiyoimudu. Mimi nashauri aanze na Kiswahili, kisha Kiingereza kifuate akishashika namna ya kuvunja neno. Wapo wataalamu wanaopenda lugha zote mbili ziende pamoja, na kwa mtoto anayeongea Kiingereza tangu utotoni sina ubishi nao.

Lakini Kiswahili nacho kina mtego. Tumezoea kuimba "ba, be, bi, bo, bu", na mtoto mwenye disleksia anaweza kuimba ukurasa mzima kwa kichwa bila kusoma hata silabi moja. Mpime hivi: andika silabi zilizovurugwa, "nya, ki, mbo, tu, she", umwambie asome akianzia katikati. Kisha mtajie maneno machache aandike. Akiandika "doo" badala ya "ndoo", "nyele" badala ya "nywele", au akiacha irabu na kuandika "shda", umeshaona somo lenu lianzie wapi. Ila usichanganye hilo na lafudhi. Kama nyumbani kwenu kalamu inaitwa karamu, mtoto anaandika anachokisikia.

Mpangilio unaofaa unaweza kuuandaa mwenyewe kwenye daftari: kwanza silabi za herufi mbili, halafu sh, ch, ny, th na ndugu zao, halafu mb, nd, nj, ng na ng', baadaye mbw na nyw, halafu "m" inayosimama peke yake kama kwenye mtu na mlango. Vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi vinatosha kujengea maneno, na sinia la mchanga linatosha kuandikia kwa kidole. Dakika 20 kila siku, siku tano kwa wiki, ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi zenye machozi.

Ukifika wakati wa kununua ya Kiingereza, omba somo la mfano kabla hujalipa. Angalia kama ina jaribio la kuonyesha mtoto aanzie wapi, kama inakueleza wewe mzazi la kusema na la kufanya, na kama inaruhusu kurudia hatua mara kumi bila kuwalazimisha msonge mbele. Programu ya simu inayotoa nyota na muziki kila mtoto anapogusa kitu, mimi siitozi hata shilingi ya imani yangu. Vivyo hivyo ile inayotoa orodha ya maneno 20 Jumatatu na mtihani Ijumaa: mtoto huyu atapata 18 Ijumaa kwa kukariri usiku, na Jumatatu yamefutika yote.

Baada ya miezi mitatu msomee imla ya maneno ambayo hamkuwahi kuyafanyia mazoezi, lakini yenye sauti mlizofundishana. Kama anayaandika, endelea hata kama mwendo ni wa kobe. Kama hakuna kilichosogea, mpeleke kwa mwalimu wa elimu maalumu kabla hujanunua nyingine.

Mlete hospitali mapema kama alikuwa akisoma kisha akapoteza uwezo huo, kama anazubaa ghafla na haitiki, au kama tumbo linamuuma kila daftari linapofunguliwa na amekuwa mnyonge hata wakati wa kucheza.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hulisema wakiwa wameshashika kitasa cha mlango. Disleksia hutembea katika familia. Kama wewe mwenyewe imla ilikuwa adhabu na hadi leo unakwepa kuandika ujumbe mrefu, mwombe shangazi yake au kaka mkubwa asimamie tahajia. Wewe msimulie hadithi jioni, au mwekee iliyorekodiwa msikilize pamoja, maana msamiati wake unapaswa kuendelea kukua wakati mkono unajifunza.